Alama Ishirini na Sita

"Abiria mnaombwa kuzingatia," alisema binti, huku akimfunga baba yake kifungo cha juu cha shati. "Leo ni siku ya..."

"Abiria mnaombwa kuzingatia," mzee alidakia, sauti ikimtokea puani kama ilivyopaswa. "Leo ni siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne. Tuko hospitali ya wilaya, ghorofa ya chini."

"Na mizigo?"

"Mizigo iliyosahaulika ni mitatu. Chungwa, kiatu, daraja."

"Tena."

"Chungwa, kiatu, daraja. Wenyewe wafike ofisi ya mkuu wa stesheni."

"Hiyo ya mkuu wa stesheni usiseme, baba. Ishia kwenye daraja."

"Sasa wenyewe watajuaje pa kwenda?" aliuliza mzee, na kwa kweli swali lilikuwa la haki.

Ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi. Chai ya mzee ilikuwa imeshapoa, kwa sababu mkono wake wa kunywea ulikuwa umeshika kipaza sauti ambacho hakikuwepo. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa mtangazaji wa stesheni ya reli. Jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi. Mtaani aliitwa Kipaza, na mkewe mwenyewe alimwita hivyo mpaka anakufa. Kisha treni zikakatwa, stesheni ikageuzwa ghala la saruji, na Kipaza akastaafu na sauti yake. Miaka mitatu iliyopita kumbukumbu zikaanza kumtoka moja moja bila kuaga. Yalianza majina ya majirani, ikafuata njia ya chooni, mwisho akasahau kwamba mkewe ameshazikwa. Siku mbaya alimwita binti yake kwa jina la mama yake na kumuuliza mbona amekonda.

Binti naye ana jina lake, lakini kiwandani wanamwita Kola. Anashona kola za mashati ya shule, kola tu, mia nne kwa siku. Mikono ina mtu wake na mifuko ina mtu wake. Ni kazi ya kumfanya fundi asahau shati zima linashonwaje. Mume alikuwepo. Alichoka kuamshwa usiku na mkwewe anayeuliza kama treni ya saa tatu imefika, akaenda zake kuchokea kwingine.

Wote wawili wanakaa katika chumba kimoja chenye pazia katikati. Mpaka mwezi uliopita maisha yalikuwa yanasukumika, kwa sababu jirani wa chumba cha tatu, mama mmoja mfagizi wa hospitali, alikuwa anaingia kazini mchana, kwa hiyo asubuhi alimtupia mzee jicho. Halafu zamu yake ikageuzwa. Tangu hapo Kipaza akiachwa peke yake anatoka, na akitoka haendi kwingine ila stesheni, ng'ambo ya barabara kuu yenye malori. Mara mbili aliletwa nyumbani na watu asiowajua, na mara zote mbili Kola akatoka kazini kumpokea. Mara ya tatu pikipiki ilimpiga paja, na Kola aliitwa akiwa kwenye mashine, akaacha kola katikati ya ushonaji na kukimbia na sindano zake kifuani.

"Mimi si mtu mbaya, dada Kola," alimwambia msimamizi kesho yake. "Lakini mstari ni mstari. Kola zikikwama, mashati yote yamekwama, na mimi ndiye ninayeulizwa. Umeshatoka mara tatu mwezi huu. Ya nne usisumbuke kurudi."

Jumanne hii alikuwa amepewa ruhusa mpaka saa saba mchana, kwa kuandikiana. Saa saba na dakika moja kibarua kingekuwa kimeota nyasi.

Kilichobaki ni ule mpango mpya. Serikali ilikuwa imeutangaza kwa vishindo redioni: Mpango wa Taifa wa Kuratibu Utafiti na Huduma za Maradhi ya Kusahau. Wizara, taasisi ya utafiti na idara ya ustawi wa jamii, ambao miaka yote kila mmoja alikuwa na lake, sasa wangefanya kazi chini ya paa moja. Nyuma ya hospitali ya wilaya kilifunguliwa kituo cha kutwa. Mzee anapelekwa asubuhi, anapewa chakula na dawa zake, anaangaliwa, jioni anachukuliwa. Nafasi zilikuwa arobaini, na zilizobaki ni kumi na moja. Kola alipoisikia habari hiyo alikaa chini kwanza. Hakuwa amezoea kuona serikali ikiwaza jambo lilelile analoliwaza yeye.

Ili kupata nafasi, mzee angeulizwa maswali. Na hapo ndipo Kola alipofanya kosa lake, kosa ambalo asingelifanya kama asingekuwa na uzoefu.

Mwaka uliotangulia alikuwa amempeleka baba yake kwenye uhakiki wa wastaafu. Afisa alimuuliza mzee tarehe ya kuzaliwa, mzee akamtajia ratiba ya treni ya mizigo. Afisa akaandika "hajathibitika", na pensheni ikasimama miezi minne, mpaka Kola alipompeleka tena siku ambayo kichwa cha mzee kilikuwa kimetulia. Kutoka siku ile alijua jambo moja kuhusu maofisi: ukikaa mbele ya meza ya serikali ukashindwa kujibu, wewe hupo.

Kwa hiyo alimwendea jirani mfagizi. "Wanauliza nini kule?"

"Wanauliza vitu vya darasa la kwanza tu, shoga," alisema jirani. "Leo siku gani, tarehe ngapi, hapa wapi. Halafu wanatajiwa vitu vitatu, chungwa, kiatu, daraja, wanazungushwa kidogo, wanaambiwa wavirudie. Kila siku ni hivyohivyo. Mimi nikifagia pale nje navisikia mpaka naviota."

"Na akijibu?"

"Wengine wanatoka na kadi ya kijani, wengine ya buluu. Sasa mambo ya kadi mimi sijui, mimi nafagia."

Siku tisa Kola alimfundisha baba yake. Siku nne za mwanzo zilipotea bure. Maneno yaliingia na kutoka kabla hajafunga mdomo. Siku ya tano, kwa uchovu tu na kwa hasira kidogo, alimkaripia kwa sauti ya stesheni: "Abiria mnaombwa kuzingatia!" Mzee alinyanyua mgongo. Macho yake yakasimama sawasawa. Kola alipoyapanga yale majibu kama tangazo, yakakaa. Ya asubuhi yalidumu mpaka mchana, na kwa mtu ambaye alikuwa hakumbuki kama ameshakula, huo ulikuwa muujiza. Kola alilia siku ile, kwa furaha, na akajiona ana akili.

Foleni walikuwa wa kwanza. Kwenye ukuta palikuwa na bango kubwa limeandikwa "Mpango Mmoja, Fomu Moja, Dirisha Moja", na chini yake madirisha matatu yenye fomu tatu, kila fomu inauliza jina la mshiriki upya. Saa mbili na nusu mtafiti alifungua mlango. Alikuwa binti mdogo mwenye koti jeupe linalompwaya, na adabu ya kweli.

"Karibu, baba. Msindikizaji utatusubiri hapo kwenye benchi, mama."

"Siwezi kuingia naye? Huwa anaogopa."

"Utaratibu ndio huo, samahani. Ukiingia unaweza kumsaidia kujibu."

Kola alikaa kwenye benchi na kubana miguu. Mlango haukufunga vizuri, na sauti ya baba yake haikuwa ya kuzuiwa na mlango. Alimsikia anatangaza siku. Alimsikia anatangaza tarehe, na hospitali, na ghorofa ya chini. Midomo ya Kola ilikuwa inakwenda pamoja naye. Alipoambiwa achore saa, mzee aliuliza ya abiria au ya mizigo, na mtafiti akacheka. Alichora saa ya stesheni, yenye vistari vyote sitini, na mishale pale alipoambiwa. Ilipofika zamu ya kutoa saba kwenye mia, Kola alifumba macho.

"Hiyo mpeni mhasibu," alisema mzee. "Mimi ni wa kipaza."

"Haya baba, hiyo tuiache. Vile vitu vitatu nilivyokutajia, unavikumbuka?"

"Mizigo iliyosahaulika ni mitatu," sauti ilitoka puani, nzuri, haina haraka. "Chungwa. Kiatu. Daraja."

Na akaishia kwenye daraja. Kola alipiga paja lake kwa ngumi. Kama si watu waliokuwa wameanza kujaa kwenye benchi, angepiga kigelegele.

Maswali yaliyofuata mtafiti aliyauliza kwa sauti ya chini, na mzee akashusha ya kwake kama mwenzake, kwa hiyo Kola hakuyasikia. Baada ya robo saa wakatoka. Mzee alikuwa amebeba kadi ya kijani na fulana nyeupe ya mpango, na mtafiti alikuwa amemshika mkono kwa heshima kama anamsindikiza mgeni rasmi.

"Wamenichukua," mzee alimnong'oneza binti yake. "Wamesema sauti yangu bado."

"Hongera, baba."

"Sikuwaambia umri."

Dirisha la pili alikaa muuguzi mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Aliitazama kadi, akaitazama kompyuta, akatabasamu.

"Mzee wako yuko vizuri, mama. Ishirini na sita kati ya thelathini. Mimi mwenyewe sijui kama ningezipata."

Kola alicheka meno yote nje. Kichwani alikuwa ameshafika kiwandani, ameshakaa kwenye mashine yake kabla ya saa saba, na msimamizi amekosa la kusema. "Nashukuru sana, mama. Sasa kituo anaanza lini, kesho au Jumatatu?"

"Kituo kipi?"

"Hiki cha kutwa. Cha hapo nyuma."

Muuguzi alimtazama juu ya miwani. "Kituo ni cha wagonjwa. Walio chini ya alama kumi na tisa, wenye kadi ya buluu. Mzee wako ni mzima. Yeye amewekwa kwenye utafiti, kundi la wazima wa kulinganishwa na wagonjwa. Kila baada ya mwaka anakuja, anaulizwa, anapewa sabuni na nauli, anarudi nyumbani."

Kola alielewa, lakini mdomo wake ulikuwa bado unacheka, na ilichukua muda kuurudisha.

"Mzima vipi?" alisema. "Mama, huyu hajui choo kiko wapi. Juzi kaweka viatu kwenye sufuria ya maji. Pikipiki imempiga. Huyu ni mzima vipi?"

"Hapa imeandikwa anajua." Muuguzi aligeuza kioo cha kompyuta kidogo, jambo ambalo pengine hakuruhusiwa. "Soma mwenyewe."

Kola alisoma. Anavaa nguo mwenyewe: ndiyo. Anafahamu njia ya nyumbani: ndiyo. Anapata tatizo la kusahau: hapana. Kisha palikuwa na swali la anatunzwa na nani, na hapo mtafiti, kwa uaminifu wake, alikuwa ameandika maneno ya mzee kama alivyoyasema. Nakaa mwenyewe. Nina binti mmoja, mtoto mzuri, ila kazi imembana. Ana muda mrefu hajaja kuniona.

Aliyasoma mara mbili. Asubuhi ile alikuwa amemwogesha, amemkata kucha, amempaka mafuta mpaka kwenye nyayo. Kwa miaka mitatu hakuwa amelala nje ya chumba kile hata usiku mmoja. Maneno yale yalimuuma, na kilichozidi kumuuma ni pale alipoitwa mtoto mzuri.

"Mbona hamkuniuliza mimi?" alisema. "Mimi ndiye ninayekaa naye."

"Ipo fomu ya kukuuliza wewe. Lakini wanajaza wenye kadi ya buluu tu."

Nyuma yao mtu alikohoa kuwakumbusha kwamba foleni ni ya wote. Kola alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Nilimfundisha," alisema.

Muuguzi aliinua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Nilimfundisha majibu. Siku tisa. Nilidhani akishindwa mtamkataa. Kwenye pensheni alishindwa, wakamkata. Nilidhani na hapa ni hivyohivyo. Mama, muulizeni leo ni siku gani hivi sasa. Muulizeni!"

Muuguzi aliegemea dirisha akamtazama mzee, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na fulana yake magotini. "Baba, leo ni siku gani?"

"Hilo waulize ofisini," alisema Kipaza kwa upole. "Mimi leo niko mapumziko."

Muuguzi alivua miwani na kuifuta kwa pindo la gauni lake. Alikuwa amechoka kwa namna ya mtu ambaye hajachokeshwa na kazi. "Wewe si wa kwanza," alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Niliandika barua wizarani. Nikasema maswali yabadilishwe, na jamaa waulizwe kwanza. Wizara ikanijibu kwamba maswali ni mali ya taasisi ya utafiti. Taasisi ikanijibu kwamba nani apokelewe na nani asipokelewe ni kazi ya wizara. Ustawi wa jamii wakanijibu wao wanapokea majina tu, hawapokei hoja. Kamati ya uratibu ndiyo ingewakalisha pamoja. Haijakaa tangu uzinduzi."

"Basi apimwe tena. Leo hii. Mimi nitakaa mbali."

"Mfumo umefunga. Aliyepimwa hapimwi tena mpaka ipite miezi kumi na miwili."

"Kwa nini?"

Muuguzi alirudisha miwani machoni. "Wamesema mtu akirudia upesi, anaweza kuwa amekariri."

Muuguzi alimwita mtafiti, na yule binti akaja na koti lake. Aliposimuliwa, furaha ilimshuka usoni wazi kabisa.

"Tulikuwa tunatafuta wanaume wazima wa zaidi ya miaka sabini," alisema. "Ni adimu. Nilisharipoti kwamba tumempata."

"Si mzima, dada."

"Naona." Alimtazama mzee, akatazama sakafu. "Dada, nikiandika kwamba alifundishwa, inabidi nimfute. Na akifutwa, namba yake inafutika kwenye mfumo wote, siyo utafiti tu. Mwakani hatapokelewa hata kupimwa. Ukimwacha humu, angalau ana namba. Mwakani anakuja, usimfundishe, anapata za chini, anahamishwa kwenye huduma."

"Mwakani?"

"Mwezi kama huu."

"Na mpaka mwakani, nani anakaa naye?"

Kwa haki yake, mtafiti hakudanganya. "Sikuyatunga mimi haya maswali," alisema mwishowe, na macho yake yalikuwa yamelowa. Kola alimwonea huruma, halafu akajichukia kwa kupoteza huruma kwa mtu mwenye mshahara.

Ilibaki karatasi moja. Ilisema kwamba shahidi anathibitisha kuwa maelezo ya mshiriki ni ya kweli kwa kadiri anavyofahamu. Kola alishika kalamu muda mrefu kuliko watu wa foleni walivyopenda. Alifikiria kuichana. Alifikiria pia mwaka kesho, na ile namba. Kisha akatia sahihi kwamba baba yake ni mzima, anajua njia ya nyumbani, na binti yake haji kumwona.

Walipotoka ilikuwa saa tano kasoro. Foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye lango, wazee wamevaa nguo zao za heshima, watoto wao wamewainamia masikioni. Karibu na bomba la maji, jamaa mmoja mwenye ovaroli ya gereji alikuwa amepiga goti mbele ya mama yake, amemshika mikono.

"Mama, kitu cha kwanza chungwa. Cha pili je? Kinavaliwa mguuni, mama. Cha pili je?"

Kola alisimama. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshaikata njia ya kwenda nyumbani, lakini alirudi.

"Kaka, usimfundishe."

"Eh?"

"Usimfundishe. Akijibu vizuri anakosa kituo. Wanaopata ni wale wanaoshindwa. Mimi ndiyo nimetoka huko sasa hivi."

Fundi gereji aliinuka, akamtazama yeye, akamtazama Kipaza na kadi yake ya kijani na fulana mpya.

"Mzee wako kapata ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Kapata ishirini na sita, kapewa kadi, kapewa fulana. Halafu mimi unaniambia wa kwangu ashindwe." Hakuwa na hasira, alikuwa na uchovu uleule. "Nafasi zimebaki chache, dada, najua. Lakini hiyo si vizuri."

"Wallahi nakwambia ukweli. Kadi ya kijani si ya kituo!"

"Sawa, nimesikia." Alishapiga goti tena.

Kola alijaribu kwa mama aliyefuata, na kwa wawili waliofuatana naye. Mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia asante, na Kola alipogeuka akamsikia akimwambia mumewe, "Usimjali, endelea na tarehe." Mlinzi wa lango alikuja akamwomba asiwachanganye wateja. Saa tano na nusu ilikuwa imeshaingia. Alimshika baba yake kiwiko wakaondoka, na kila hatua ilikuwa inamwambia kwamba angemwacha tu mzee wa watu kama alivyo. Siku tisa. Angelala zake siku hizo tisa, angekula, angemsikiliza anavyopotea kwenye maneno yake, na leo wangekuwa wanatoka na kadi ya buluu. Hakuna aliyemnyang'anya ile nafasi. Alikuwa ameinyang'anya yeye, kwa bidii, kwa mapenzi, kwa kuamka mapema.

Mzee alikuwa na furaha njia nzima. Alimweleza habari za kazi mpya, na kwamba ameomba zamu ya asubuhi ili mchana apate kumtembelea binti yake, huyo wa kiwandani. Kola aliitikia kila neno. Alihesabu muda: kufika nyumbani, kumpa chakula, kumvua viatu, kukimbia kiwandani. Muda ulikuwa unatosha. Kilichobaki kilikuwa kile ambacho kwa miaka mitatu hakukiruhusu hata kupita kichwani, na wenzake wengi wenye wazee walishakifanya zamani na hawakutaka kuulizwa.

Kwenye kona ya mtaa wao palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, lenye mabati nje na misumari kwenye makopo. Aliingia, mzee nyuma yake.

"Nataka kufuli," alisema.

"La mlango wa ndani au wa nje?" aliuliza mwenye duka.

"Wa nje."

Mwenye duka aliweka matatu juu ya kaunta. Kola alinyoosha mkono kwenye dogo kabisa, la rangi ya shaba, kana kwamba dogo lingekuwa na dhambi ndogo. Kipaza alilichukua mkononi mwake. Alilivuta, akalitikisa sikioni, akalirudisha kwenye kaunta kwa dharau ya mtu aliyewahi kukabidhiwa funguo za serikali.

"Hili ni la sanduku," alisema. "Linavunjwa kwa msumari. Mpe lile kubwa."

"Hili linatosha, baba."

"Halitoshi." Alilichukua lile zito, akaliweka kwenye kiganja cha binti yake, na kumfunga vidole juu yake kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayempa mtoto kitu asije akakipoteza njiani. "Wewe unashinda kazini, mwanangu. Nyumbani hakuna mtu."

Kola alilipia lile kubwa.